Kizibo cha Ndiva ya Mwanjo

Mzee Melkizedeki alikuwa mtu pekee huko Chome aliyeweza kukueleza, bila kupepesa jicho, jinsi korona ilivyommeza bwana shamba mzimamzima, na koti lake na kofia yake, ikamtema upande wa pili akiwa kamba safi ya daraja la kwanza; na jinsi kamba ile ilivyoendelea kufoka amri mpaka ilipofungwa kwenye mzigo wa kwenda Tanga. Korona yenyewe ni ile mashine ya kukwangua mkonge, si ule ugonjwa. Aliihudumia ujana wake wote kule tambarare, akastaafu na masikio yenye mvumo na kichwa kilichojaa uongo mtamu, akapanda mlima kurudi kwao.

Shida ya uongo wa kijijini ni kwamba unachakaa. Akianza tu, "Siku moja pale korona," tayari kuna mtu amemmalizia: "Ikamtema kamba. Tunajua, Mzee Melki. Hebu nisogezee chumvi." Mkewe Yudith, ambaye kwa miaka yote alisikiliza hadithi ileile kama aliyoletewa asubuhi hiyo kutoka sokoni, alikuwa amelazwa kaburini nyuma ya nyumba, pembeni mwa migomba. Watoto walikuwa Dar na Mwanza. Desemba walikuja wote na wajukuu, nyumba ikafurika mpaka watu wakalala juu ya magunia ya maharage. Januari ikabaki sufuria kubwa, na mtu mmoja anayechemshia ndani yake viazi viwili.

Kilichobaki ni ndiva.

Ndiva ya Mwanjo ni bwawa la mawe na udongo lililojengwa na mababu, hata wajukuu wa wajukuu wao hawakumbuki lini. Usiku kucha maji ya kijito kinachotoka msitu wa Shengena yanaingia humo na kutulia. Alfajiri ndiva inafunguliwa, maji yanashuka kwenye mfereji, shamba moja baada ya jingine kwa zamu, mpaka mkiani kabisa kwa Mama Agape. Kwenye sakafu ya ndiva kuna tundu pana kama bakuli la uji, na tundu hilo lilizibwa kwa gogo lililoviringishiwa magome ya mgomba na kusindiliwa udongo. Jioni kuliziba, alfajiri kulizibua: hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Mzee Melkizedeki, na siku nyingine ndiyo yalikuwa mazungumzo yake pia, maana alizoea kulisemesha lile gogo. Gogo lilivuja. Lilivuja tangu enzi za mababu, na kila mtu alihesabu kuwa kuvuja ni tabia ya gogo kama kubweka ni tabia ya mbwa.

Ndipo akaja Ikupa.

Alikuwa binti wa Tukuyu, amemaliza chuo, amekodi chumba Same mjini nyuma ya stendi, na ndani ya chumba ana mashine ndogo, si kubwa kuliko jiko la gesi. Unailisha uzi wa plastiki, inauyeyusha, inautandaza safu juu ya safu kama mtu anayesuka ungo, mpaka kitu ulichokichora kwenye kompyuta kinasimama mbele yako unakishika. Mwenyekiti wa ndiva, Hezroni, alimwona akiuza vishikio vya majembe sokoni, akamwambia kwa mzaha, "Wewe unayechapa vitu, tuchapie kizibo." Binti hakujua kuwa ni mzaha. Wiki iliyofuata alikuwa amepanda mlima kwa bodaboda, ameshikilia mfuko wa rambo kifuani kama amebeba mtoto.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeniletea mkate?"

"Nimekuletea sampo, kizibo cha kujaribia."

"Sampo inaliwa na nini?"

Alicheka. Mzee Melkizedeki alisikia kicheko kile kikigonga mawe ya ndiva na kurudi, akashangaa jinsi bwawa lilivyo kubwa.

Sampo ya kwanza ilikuwa na umbo la kengele, pete ya mpira kiunoni na mkufu wa kuivutia. Ilikaa tunduni vizuri mpaka maji yalipofika magotini, halafu ikafyatuka. Jinsi Mzee Melkizedeki alivyosimulia baadaye, iliruka juu ya kanisa, ikapiga kengele mara moja, wazee wa usharika wakatoka na vitabu vyao vya nyimbo wakidhani ni ibada. Ukweli ni kwamba iliogelea kwenye mfereji na kukwama kwenye magimbi ya Hezroni. Ikupa aliiokota, akaigeuzageuza, akaipima kwa venia, kile kipimo chake cha chuma, wala hakununa hata kidogo.

"Unafurahi imeharibika?" mzee aliuliza.

"Ndiyo kazi yake, babu. Heri ikosee leo ikiwa ya plastiki ya jana, kuliko ikosee ikishaingia kwenye kalibu ya kumiminia, zimetoka mia na zote zina kilema. Nitachapa nyingine."

Akachapa nyingine. Hiyo ilivuja ubavuni. Iliyofuata ilikaza vizuri sana mpaka alfajiri wakashindwa kuing'oa, watu watatu wakavuta mkufu kama wanavuta fahali, Hezroni akakaa chini kwenye tope na suruali yake ya kikao. Na kila mara Ikupa alipanda mlima, na kila mara, baada ya kupima, alikaa jikoni kwa mzee kusubiri bodaboda, wakanywa chai ya tangawizi kali ya kutoa machozi. Naye hakuwa amezisikia zile hadithi. Hata moja. Mzee alimpa ile ya korona, akafika mahali bwana shamba anaingia na kofia, akanyamaza kusubiri mtu wa kummalizia.

"Halafu?" Ikupa aliuliza.

Mzee Melkizedeki ilibidi ageuke atazame moto. Hakuna mtu aliyemwambia "halafu" tangu Yudith.

Basi ikafika sampo iliyokubali. Ilikaa jioni kwa mguso wa mguu tu, na alfajiri ikatoka kwa mkono mmoja wa mzee. Usiku mzima tundu la nje, chini ya ukuta, lilibaki kavu hivi kwamba mjusi alikwenda kulala humo. Ikupa alilipapasa kwa vidole, akanusa vidole, akaanza kukunja kamba yake ya kupimia.

"Hii ndiyo, babu. Ikikaa hivi wiki mbili nakwenda Arusha kutengenezesha kalibu. Zitatoka nyingi, ndiva zote huku milimani zitapata. Sina haja ya kukusumbua tena."

"Kunisumbua," mzee alisema.

"Nimekuchosha na maji ya baridi."

"Ee. Umenichosha kweli."

Bodaboda ikamchukua. Mzee Melkizedeki alirudi jikoni akaosha vikombe viwili, akavipanga, halafu akakitoa kimoja na kukirudisha kabatini. Jioni alikwenda kuziba. Kizibo kiliingia tunduni bila neno. Hata lile gogo lilikuwa na manung'uniko yake, lilitoa povu, unaweza kulijibu. Hili dude la plastiki lilikaa kimya kama mgeni asiyejua lugha. Akasimama pale majini, maji yakimfika mapajani, ukungu ukishuka kutoka Shengena. Kando yake palikuwa na mpera. Akavunja kijiti kisichozidi kidole, akainama, akakichomeka chini ya pete ya mpira.

Kesho yake alipanda kwenye jiwe la Kwa Nyoka, mahali simu inapokamata mtandao.

"Mjukuu wangu, kimevuja."

"Kimevuja! Kinavujaje, babu?"

"Kama mtoto."

Jumamosi Ikupa alikuwa amefika. Alitaka kuingia majini mwenyewe, mzee akamzuia: "Maji ya Shengena si ya watoto wa Tukuyu, yatakung'oa kucha." Akaingia yeye, akainama, akatoka na kizibo mkono wa kulia na kijiti kimefumbatwa mkono wa kushoto. Ikupa akapima kila upande. Hakuona kitu. Wakakirudisha, kikakaza, hakuna tone. Wakakaa wakanywa chai, mzee akamsimulia habari za nyani wa Suji aliyejiandikisha kupiga kura. Hakuna tone. Ikupa akaondoka. Asubuhi simu: kimevuja.

Kijijini wakapata la kusema. "Kizibo cha yule binti kinamwogopa mwenyewe. Akiwepo kinabana, akiondoka kinakojoa." Wakacheka, na Mzee Melkizedeki akacheka kuliko wote.

Lakini Ikupa alikuwa mtu wa kutafuta sababu. Akawaza: mimi nakuwepo mchana, kinavuja usiku, usiku kuna baridi, basi plastiki inasinyaa. Akaomba nafasi kwenye friji ya muuza soda wa jirani yake kule Same, akalaza vizibo vyake kati ya chupa, akawa anavipima kila vikitoka. Akachapa kizibo kinene zaidi. Akachapa chenye pete mbili. Akachapa chenye midomo inayofunika midomo, kizito, kibaya, kama kobe aliyevaa viatu. Kila alipokuja alikuwa na macho mekundu zaidi, na kila alipokuja mzee alikuwa amekwisha kaanga ndizi.

"Babu, labda mimi si fundi," alisema siku moja, kikombe kikiwa mkononi bila kunywa. "Wenzangu wa chuo wako Dar, wana ofisi. Mimi niko Same sijui mtu, nazungumza na mashine."

"Inakujibu?"

"Inalia tu zzz, zzz."

"Hiyo ina nafuu," mzee alisema. "Mimi nazungumza na bwawa."

Ikupa alitabasamu kidogo. Mzee alitamani amwambie. Neno lilifika kooni, likakuta hadithi ya nyani imekaa mlangoni, likarudi.

Aliyemvurugia usingizi ni Mama Agape. Alikuja asubuhi na jembe begani, mjane wa umri wa makamo asiyekuwa na maneno mengi, akasimama ukingoni mwa ndiva akatazama alama ya maji kwenye mawe.

"Shikamoo, Mzee Melki."

"Marahaba, Mama Agape. Leo umekuja kwa zamu au kwa hadithi?"

"Zamu gani? Zamu inafika kwangu mfereji umeshakauka, vyura wananitazama. Enzi za gogo nilikuwa napata hata kidogo. Hili dude lenu linakojoa usiku kucha, asubuhi wa juu wanagawana, mimi nagawana na nani?"

"Plastiki, mama. Ya kisasa hiyo."

"Njoo uone maharage yangu."

Akaenda. Hakuwa na sababu ya kukataa iliyofaa kusemwa. Maharage yalikuwa yametoa maua, maua yamekauka yakadondoka, na majani yamejikunja kama viganja vya mtu anayeomba. Mama Agape alichuma ganda moja lililokuwa jepesi, akalibonyeza, hewa ikatoka. Mzee Melkizedeki, aliyekuwa na jibu kwa kila jambo tangu alipoota ndevu, alisema, "Mvua itakuja," akapanda mlima haraka hata magoti yakamlalamikia.

Jioni hiyo hakuchomeka kijiti. Jioni ya pili pia hakuchomeka. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, na Ikupa alikuwa hajapiga simu. Akamwaza kule Same anajiambia kwamba kimepona. Akachomeka.

Jumamosi ikapigwa pembe ya msaragambo. Msaragambo kwa Wapare hauna mwaliko wa kuchagua: pembe ikilia kila nyumba inatoa mtu na jembe, asiyetoka anatozwa faini ya pombe na maneno. Siku hiyo ndiva haikufunguliwa alfajiri, maana kazi ilikuwa kuzibua mfereji majani, kuanzia ndiva mpaka mkiani. Ikupa naye alikuja, akapewa fyekeo, akafyeka na wenyeji mpaka mikono ikamtoka malengelenge. Walipomaliza, watu wakakaa kwenye majani ukingoni mwa ndiva, na Hezroni akasimama.

"Ndugu zangu, mmefanya kazi. Liko jambo moja. Kizibo." Akaelekeza kidole chini ya ukuta, ambako maji yalikuwa yanatiririka kwa uzi mwembamba, ti, ti, ti, mbele ya watu wote. "Tumejaribu. Binti amejituma, hatumlaumu. Lakini ndiva si mahali pa kujifunzia. Naona turudishe gogo letu, na huyu mtoto tumwachie aende na vitu vyake kwa amani."

"Leo hii," Mama Agape alisema bila kusimama. "Wala isiwe kesho."

Watu wakaguna kukubali. Ikupa alisimama, suruali yake imelowa tope mpaka magotini. Alisema naomba mnisamehe, nilidhani ni baridi. Akaanza kukusanya vipande vyake vya plastiki kwenye mfuko.

"Tumsikie mlinzi," Hezroni alisema, kwa kufuata utaratibu tu. "Mzee Melki, wewe unalala na hicho kitu. Unasemaje?"

Mzee Melkizedeki akainuka. Alijua akisema "kibovu" binti anaondoka leo asirudi. Akisema "kizima" binti anaondoka kesho, asirudi pia. Njia zote zilishuka Same.

"Kizibo ni kizima," alisema. "Kinavuja kwa sababu mimi nakichomekea kijiti."

Ukingo wote wa ndiva ukalipuka kwa kicheko.

"Kijiti cha nini, mzee, cha korona?"

"Yule nyani wa Suji ndiye anakichomeka!"

"Jamani huyu mzee, hata kwenye kikao!"

"Nasema kweli," alisema.

"Ndivyo unavyoanza siku zote," mtu akajibu, na wengine wakajishika mbavu. Hata Hezroni alifuta machozi. Ikupa peke yake hakucheka. Alikuwa ameacha kukusanya, anamtazama.

Maisha yake yote Mzee Melkizedeki alikuwa akitafuta kuchekwa namna ile. Sasa alivua viatu. Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe, akaingia majini na shati lake la kazi. Kicheko kilimsindikiza mpaka kiunoni. Akainama, uso ukazama, kofia ikaelea peke yake. Alipoibuka alikuwa anatetemeka, na mkononi ameinua kijiti cha mpera, hakizidi kidole.

Ule uzi wa maji chini ya ukuta ukapungua. Ukawa matone. Tone moja likaning'inia kwenye mdomo wa tundu, likafikiri, likadondoka, na hakuna lililofuata.

Hakuna aliyecheka tena. Mzee alisikia meno yake mwenyewe yakigongana.

"Kumbe maharage yangu ulikuwa unayakausha wewe," Mama Agape alisema. Hakupaza sauti. Akachukua jembe lake akashuka.

Wengine wakamfuata kwa makundi, wakizungumza chini chini. Hezroni alibaki kidogo, akasema kizibo kitabaki, na habari ya faini itazungumzwa kikao kijacho, akaondoka bila kuaga. Ikupa alikaa kwenye jiwe kando ya koti.

"Nililaza vizibo kwenye friji ya watu, babu," alisema. "Nilimsumbua yule mama wa soda mpaka akaanza kunikimbia. Nilikuwa napima baridi ambayo haipo."

"Ipo baridi," mzee alisema. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye ndevu. "Ila haikuwa kwenye plastiki."

Binti hakucheka. "Ungeniambia tu njoo."

"Ungekuja?"

Ikupa alifikiri, kama alivyofikiri kila alipoulizwa kuhusu kipimo. "Sijui," alisema.

Akamsogezea koti. Halafu akaingia majini yeye mwenyewe, maji yale aliyokatazwa siku zote, akakitoa kile kizibo cha kobe, cha midomo miwili, akakirudisha kile chepesi cha zamani kilichokubali tangu mwanzo. Akakibonyeza kwa mguu. Akatoka, akachukua mfuko wake, akashuka kwa miguu kuitafuta bodaboda njiani.

Kutoka hapo maji yalifika mkiani. Mama Agape alipanda upya, na zamu yake ilipofika aliingiza maji shambani mpaka jua likatua. Akipita ndiva alimwamkia mzee kwa sababu ni adabu, akaendelea na safari. Faini ililipwa, ikanyweka. Kisa cha kijiti kilienda mpaka Gonja, na kila kilipopita kiliongezewa: kijiti kikawa mpini, mpini ukawa boriti, kuna waliosema mzee alimzamisha chatu mle. Mzee Melkizedeki alikisikia kikisimuliwa dukani kwa ufundi mkubwa. Alitaka kusema kwamba kilikuwa kijiti tu. Nani angemsikiliza? Akanunua chumvi akarudi.

Jioni moja alipanda kwenye jiwe la Kwa Nyoka. Njiani alikuwa ameshatayarisha maneno: kuna kaa wa mtoni amekiuma kizibo, amekata kipande, mkubwa kama sinia. Maneno yalikuwa mazuri. Simu ikaita muda mrefu.

"Shikamoo, babu. Kimevuja?"

"Hakivuji."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele za karakana, chuma kinasagwa.

"Kuna nini sasa?"

Kaa alikuwa amefika ulimini kabisa, na makucha yake yote. Mzee Melkizedeki akammeza.

"Hakuna kilichoharibika," alisema. "Njoo tu."

Chuma kikasagwa, kikanyamaza, kikasagwa tena.

"Niko Arusha, babu. Kalibu bado haijatoka."

"Haya."

"Nikirudi Same nitakwambia."

"Haya, mjukuu wangu."

Hakusema lini, naye hakumuuliza. Alikaa na simu mkononi mpaka kioo chake kikazima. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka na kijito kilikuwa kinaingia ndiva. Akanyanyuka, akashuka kwenda kuziba.